Jumuiya Irudi Sebuleni: Hotuba ya Jumapili ya Familia

Baba Mchungaji, Mama Mchungaji, Mwinjilisti wetu, wazee wenzangu wa kanisa, wenyeviti wa jumuiya, viongozi wa vikundi, baba zangu na mama zangu, vijana, na ninyi watoto mlioketi hapa mbele kwenye mkeka, Bwana Yesu asifiwe.

Nalishukuru Baraza la Wazee kwa kunipa nafasi ya kusema katika Jumapili hii ya Familia. Somo nililopewa ni pana: familia ya Kikristo na uhusiano wake na kanisa la mahali. Ningeweza kuligawa katika wajibu wa baba, wajibu wa mama na wajibu wa watoto, kama tulivyozoea kufanya kila mwaka, lakini kwa ruhusa yenu nitashika jambo moja tu. Jambo hilo ni jumuiya ya Jumamosi asubuhi, yaani kikundi cha washirika wa mtaa mmoja wanaosali pamoja, ile inayokutana majumbani mwetu, au niseme kwa uchungu, ile iliyokuwa ikikutana majumbani mwetu.

Kwa miaka hii ya karibuni jumuiya moja baada ya nyingine imeleta ombi barazani kwamba iruhusiwe kukutania hapa kanisani. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kueleweka: hapa kuna viti, kuna nafasi, kuna choo, mvua ikinyesha hakuna anayelowa, na hakuna anayehangaika kuandaa chai. Sisi wazee tulikubali, na mimi nilikuwa miongoni mwa walionyosha mkono. Leo nimesimama mbele yenu kukiri kwamba tulikosea. Jumuiya ikishatoka sebuleni, kanisa halina tena mlango wa kuingilia nyumbani kwa mshirika, isipokuwa siku ya msiba, na siku ya msiba mambo mengi huwa yameshachelewa.

Tuyatazame Maandiko kwanza. Mtume Paulo anapofika mwisho wa Waraka wake kwa Warumi anawasalimu Priska na Akila, mtu na mkewe, kisha anaomba lisalimiwe pia kanisa lililomo katika nyumba yao. Hawa hawakuwa wachungaji. Walikuwa mafundi wa kushona mahema. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatueleza kwamba waliondoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi wote watoke Rumi. Wakafika Korintho, wakamkaribisha Paulo wakakaa na kufanya kazi pamoja naye, kisha wakahamia Efeso. Paulo akiwa upande ule wa Asia anawaandikia Wakorintho na kuwapelekea salamu za Akila na Priska pamoja na kanisa lililo katika nyumba yao. Baadaye tunawakuta tena Rumi, na huko nako kuna kanisa nyumbani kwao. Katika usharika huu tunao walimu, wauguzi, askari na watumishi wa benki ambao barua ya uhamisho inaweza kuwafikia kesho asubuhi. Nawaomba mlisome jambo hili kwa makini: fundi yule na mkewe walifukuzwa mji mmoja, wakahamia wa pili na wa tatu, na kila walipotua mizigo, nyumba waliyoipata waliifungulia ndugu katika Bwana. Apolo alipofika Efeso, mtu hodari wa kusema lakini ambaye alijua ubatizo wa Yohana tu, hawakumkosoa mbele ya watu katika sinagogi. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mhubiri mkubwa alinyoshwa na mume na mke, nyumbani kwao.

Kwa vizazi vingi Wakristo hawakuwa na majengo ya ibada kama hili letu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wataalamu wa mambo ya kale waliokuwa wakichimba katika magofu ya mji wa Dura-Europos, kando ya mto Frati huko Syria, walifukua nyumba ya kawaida ambayo Wakristo wa karne ya 3 waliigeuza kuwa mahali pa ibada. Walivunja ukuta uliotenganisha vyumba viwili ili wapate ukumbi, na chumba kingine wakakiwekea birika la ubatizo. Nimeufikiria sana ukuta ule. Nyumba ile ilikuwa na watu waliokuwa wakilala mle ndani, wakila mle, wakigombana na kupatana mle, na siku moja walikubali ukuta wao uvunjwe ili ndugu wapate mahali pa kuketi. Sisi tumeombwa kuvumilia viatu vingi mlangoni kwa saa moja tu, mara mbili au tatu kwa mwaka.

Lakini barua ninayotaka mkaisome leo jioni ni ile ya Filemoni. Ina sura moja, mistari 25, nayo ni fupi kuliko barua zote za Paulo. Wengi wetu tunaifahamu kama barua juu ya Onesimo, mtumwa aliyetengana na bwana wake. Angalieni imeandikwa kwa nani. Imeandikwa kwa Filemoni, na Afia, na Arkipo, na kwa kanisa lililo katika nyumba ile. Jambo lenyewe ni la ndani kabisa. Kuna mtumishi wa nyumbani aliyeondoka, huenda kuna mali iliyopotea, na kuna mwenye nyumba ambaye ana haki ya kukasirika kwa sheria za wakati ule. Kwa desturi zetu tungesema haya ni mambo ya chumbani, wageni wasiyasikie. Paulo angeweza kabisa kumwandikia Filemoni barua ya siri. Badala yake aliiandika barua ambayo jina la kanisa la nyumba ile limo katika salamu, kwa hiyo watu waliokuwa wakisali pale walijua kaka yao ameombwa nini, na wangeona atatenda nini Onesimo atakapogonga mlango. Paulo anaahidi kulipa deni kwa mkono wake, kisha anaongeza kitu ambacho kila mara kinanigusa: anamwomba Filemoni amwekee tayari mahali pa kukaa. Anakuja. Ataingia katika nyumba ileile, ataketi mezani, na atamwona Onesimo anatendewaje.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapoona kazi ya jumuiya. Haikuwekwa kwa ajili ya kusoma somo la juma na kukusanya sadaka peke yake, kwa sababu somo laweza kusomwa hapa na sadaka yaweza kukusanywa hapa. Iliwekwa ili kanisa liingie kwangu, lione kitanda cha mgonjwa wangu, lione kwamba mtoto wangu wa pili haendi shule, lione kwamba mke wangu hasemi tena kama alivyokuwa akisema. Ukimkuta mtu hapa kanisani amevaa suti yake ya Jumapili, utajua nini juu ya nyumba yake? Hutajua kitu.

Sisi Walutheri tunayo sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki katika ziara ya kukagua sharika za Saksonia huko Ujerumani, akarudi amehuzunika, kwa sababu watu wa vijijini walikuwa wamebatizwa na kushiriki Chakula cha Bwana bila kujua Sala ya Bwana, wala Imani ya Mitume, wala Amri Kumi, na wachungaji wengi hawakuweza kuwafundisha. Mwaka uliofuata, 1529, alitoa Katekisimo Ndogo, ambayo watoto wetu wa kipaimara wanaikariri mpaka leo. Dibaji yake iliandikwa kwa wachungaji na wahubiri. Lakini ukifungua sehemu zenyewe, Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana na nyinginezo, utakuta juu ya kila sehemu maelezo kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa maneno mepesi. Ndani yake mna sala ya kuamka, sala ya kulala, na sala za kabla na baada ya kula. Kwanza kabisa mafundisho hayo yalichapwa kwenye karatasi pana za kubandikwa ukutani, mahali ambapo macho ya watu wa nyumba yangeyakuta kila siku. Kitabu hicho kimoja kilikusudiwa kupita katika mikono miwili, mkono wa mchungaji na mkono wa mzazi. Sisi tumeuachia mkono mmoja tu. Tunamleta mtoto kwa mwalimu wa kipaimara akiwa na miaka 12, tunamwambia mwalimu, "Nakukabidhi," kama tunavyolipeleka gari kwa fundi, kisha tunarudi baada ya miaka miwili na kamera.

Nasema hivi nikiwa mmoja wa waliofanya hivyo. Wakati tulipokuwa tukijenga jengo hili nilikuwa katika Kamati ya Ujenzi. Jumatatu tulikuwa na kikao, Jumatano tulikagua kazi, Jumamosi nilishinda hapa na mafundi, na Jumapili baada ya ibada tulihesabu ahadi hadi alasiri. Watu walinisifu, nami niliamini ninamtumikia Bwana, na sisemi kwamba sikuwa ninamtumikia. Mwanangu wa tatu alikuwa katika mafundisho ya kipaimara mwaka ule. Siku moja mwalimu wake aliwauliza watoto kila mmoja aseme ni nani aliyemfundisha kusali kwa mara ya kwanza. Mwanangu alimtaja binti aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani. Mwalimu hakunieleza ili kuniaibisha; alinieleza kwa sababu alifurahishwa na jibu la mtoto. Mimi nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti changu kwa muda mrefu. Binti yule tulikuwa tukimlipa mshahara mdogo, tulikuwa tukimtuma dukani usiku, na wakati mimi nikihesabu mifuko ya saruji ya nyumba ya Mungu, yeye alikuwa akipiga magoti kando ya kitanda cha mwanangu na kumfundisha kusema "Baba yetu uliye mbinguni". Nilimwomba msamaha. Aliona ajabu, hakujua ninaomba msamaha wa nini.

Paulo anamwandikia Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani, na Maandiko hayasemi zaidi juu yake. Kwa hiyo tunaposema familia ya Kikristo, tusiwe tunaiona ile picha ya kalenda tu, yenye baba, mama na watoto wawili wamesimama mbele ya maua. Katika mtaa huu kuna nyumba nyingi zinazoongozwa na bibi anayelea wajukuu, kuna kina mama wanaolea peke yao, kuna kaka anayesomesha wadogo zake baada ya wazazi kufariki. Kuna nyumba ambamo binti wa kazi ndiye Eunike. Jumuiya inayokutana kanisani haiwezi kumwona binti huyo, kwa sababu yeye hubaki nyumbani akifua.

Sasa niseme neno kwa viongozi wenzangu, nalo si jepesi. Tunalalamika kwamba wazazi wameliachia kanisa malezi, na ni kweli. Je, tumewahi kuipima kalenda yetu ya usharika? Kuna mazoezi ya kwaya mara tatu kwa juma, kuna maombi ya katikati ya juma, kuna kikao cha kila kamati, kuna semina, kuna mkesha wa mwisho wa mwezi, kuna kuzuru sharika rafiki. Mshirika mwaminifu, yule anayeitikia kila tunapomwita, anaweza kupita juma zima asile chakula cha jioni na watoto wake. Mshirika asiyejali, ambaye hatumwoni hata Jumapili, yeye yuko nyumbani. Tumekuwa tukiwaondoa majumbani wale hasa ambao nyumba zao zingeweza kuwa kanisa. Paulo anauliza, mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe, atalitunzaje Kanisa la Mungu? Swali hilo tumelizoea kama kipimo cha kumchagulia mzee. Leo naligeuza kwa Baraza letu: je, mzee aliyechaguliwa tunampa muda wa kuisimamia hiyo nyumba?

Kwa hiyo naliomba Baraza lipitishe jioni mbili katika kila juma ambazo hakuna kikao, hakuna mazoezi, wala hakuna semina ndani ya uzio huu. Geti lifungwe. Walimu wa kwaya watanilaumu, nami nitalibeba lawama hilo.

Hapa mlimani kwetu mpango wa kuliweka kanisa juu ya nyumba haukuletwa jana. Wamisionari wa Leipzig, shirika la Kilutheri la Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na baadaye kukaa miaka mingi Old Moshi hadi alipoondoka mwaka 1938, alijifunza Kichaga na maisha ya Wachaga kwa undani, akafikia kuamini kwamba Mungu tayari alikuwa amewaunganisha watu wa hapa kwa ukoo, kwa ujirani na kwa rika, na kwamba usharika usijengwe kwa kuvivunja vifungo hivyo. Aliwaweka hata vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya kuangaliana, akifuata desturi ya rika. Wapo waliomkosoa kwamba aliipenda mno mila ya zamani, na hoja yao ina uzito, maana si kila kilichokuwa katika mila kilimtendea haki mwanamke. Lakini tazameni kilichotokea. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, nao wa Leipzig hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya Pili ilipoanza, yakatokea yaleyale. Kanisa halikufa. Walimu na wazee wa Kichaga waliendelea kufundisha na kusali, na imani ilikuwa imekwisha kuingia vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani ya Wachaga, ambako hakuna serikali inayoweza kuifukuza. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, muungano ule ulisimama juu ya nyumba za namna hiyo.

Wenzetu Wakatoliki nao walilitambua jambo hili. Maaskofu wao wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kuziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa maisha ya parokia, na Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, mkutano wa maaskofu, ililitaja Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Ukipita mitaani kwetu Jumamosi alfajiri utawasikia wakiimba katika nyumba za majirani zetu, na hiyo ni sauti njema.

Turudi kwenye chai, kwa sababu najua wengi mnaniuliza moyoni kuhusu chai. Nakumbuka jumuiya yetu ilipoanza, mwenyeji alitandika mkeka, akaweka Biblia juu ya kistuli, tukasali, tukatoka. Baadaye mwenyeji mmoja kwa ukarimu wake alitoa chai ya rangi. Wa pili hakutaka kupungukiwa, akaongeza maandazi. Mwaka uliofuata zilikuja chapati, kisha supu, kisha viti vya kukodi na turubai. Hakuna aliyefanya vibaya. Kila mmoja alitaka kuwaheshimu wageni wake, na heshima kwa mgeni ni jambo tulilolelewa nalo. Lakini nilikuwepo siku zamu ilipofika kwa mama mmoja anayepanga chumba kimoja. Mwenyekiti alisoma jina lake, naye akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba arukwe kwanza, ana wageni. Hakuwa na wageni. Tuliendelea kusoma majina. Miezi miwili baadaye hatukumwona tena, na sababu tuliyoandika katika kitabu cha mahudhurio ilikuwa "amepoa kiroho". Mama yule hakuwa amepoa. Alikuwa hana fedha ya supu.

Tena tulipoanza kukutania hapa kanisani ili tusimwaibishe mtu kama yeye, hatukumrudisha. Tuliondoa aibu kwa kuiondoa nyumba, wakati kilichopaswa kuondolewa ni sufuria.

Iko hofu nyingine ambayo ni nzito kuliko chai, nayo ni masengenyo. Watu hawataki jumuiya iingie kwao kwa sababu yanayoonekana ndani hufika sokoni kabla ya saa 6 mchana. Nawaambia wenyeviti wa jumuiya kwa upendo: mwenyekiti asiyeweza kufunga kinywa chake hafai kuwa mwenyekiti, hata akiwa anasali kwa machozi. Filemoni asingekubali barua ile isomwe nyumbani kwake kama ndugu wale wangeitembeza mjini Kolosai.

Na kuna mambo ambayo jumuiya ikiyaona haina ruhusa ya kuyanyamazia. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaelekeza kwamba kwa kawaida mgogoro wa wanandoa upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya shauri la talaka kufunguliwa mahakamani. Huo ni utaratibu mzuri, lakini wawili wanapofika barazani mara nyingi kila mmoja amekwisha kuhesabu vyombo vyake. Jumuiya iliyokuwa ikiingia katika nyumba ile ingeona miaka mitatu kabla. Ingeona baba amehamia chumba cha watoto. Ingesali pamoja nao, na pengine wazee wawili wangerudi jioni, bila daftari, wakaketi na kusikiliza. Ninazungumza hapa juu ya ugomvi wa kawaida wa watu wawili wanaoishi pamoja. Mwanamke anayepigwa si ugomvi wa kawaida. Mtoto anayeharibiwa na ndugu wa ndani si jambo la kusuluhishwa kwenye mkeka. Aliyetendewa hivyo anapelekwa kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, anachukuliwa fomu ya polisi ya matibabu, PF3, anapelekwa hospitali, na wazee wanakwenda naye. Yeyote katika sisi aliyewahi kumwambia mwanamke aliyevimba jicho kwamba avumilie kwa sababu ya jina la kanisa, na atubu kwa jambo hilo.

Yapo pia majumba tunayoyaruka. Wapo wanaoishi pamoja na wana watoto, lakini ndoa yao haijabarikiwa, na tumezoea kusema jumuiya haiendi kwa watu waliotengwa. Nimewauliza baadhi yao kwa nini hawaji kubariki ndoa, na jibu nililolisikia mara nyingi ni harusi: kadi za michango, ukumbi, sare, keki, mshereheshaji. Tumewaacha waamini kwamba baraka ya Mungu ina gharama ya ukumbi. Ndoa inahitaji matangazo, mchungaji, mashahidi na ninyi wawili. Jumuiya ikikutana nyumbani kwao, ikawakuta na watoto wao, ikawaambia hivyo kwa upole, naamini wengi watarudi kundini bila kadi hata moja kuchapwa.

Mwisho wa mwaka unakuja, na ndugu zetu watapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko. Vihamba vitajaa magari. Watoto watabatizwa hapa, kwa sababu hapa ndiko nyumbani, na ndani ya juma mbili watakuwa wamerudi kwenye miji ambako mchungaji hajui hata jina la mtoto. Naomba jambo dogo kwa familia hizo. Mkirudi huko mliko, pelekeni barua ya utambulisho kwa usharika wa mahali mnapoishi mwezi wa kumi na miezi mingine yote, na mwombe kuwekwa katika jumuiya ya mtaa wenu. Mtoto huyo amebatizwa mbele ya kusanyiko ambalo limeahidi kumlea. Tunaahidije kumlea mtoto ambaye tutamwona tena Desemba ijayo? Ahadi hiyo tunaitoa kwa niaba ya ndugu zetu wa huko, na hawawezi kuitimiza wasipomjua.

Wenyeviti wa jumuiya tulikutana juzi Alhamisi na tumekubaliana, kwa idhini ya Baba Mchungaji, yafuatayo. Kuanzia Jumamosi ijayo jumuiya zote za mtaa huu zinarudi majumbani. Muda ni saa 12:30 asubuhi hadi saa 1:30, ili wenye biashara wakafungue na wenye zamu za kazi wasichelewe. Mwenyeji hatatoa chakula wala chai. Atatoa maji ya kunywa kwa anayehitaji, basi. Hatutakodi viti. Wenye afya wataketi chini au watasimama, na wazee watapewa viti vilivyopo ndani. Watoto wa nyumba pamoja na msaidizi wa kazi wataketi pamoja nasi, na mmoja wa watu wa nyumba ile, akiwezekana mtoto, ndiye atakayesoma somo. Kabla ya kuondoka mwenyekiti atamwuliza mwenye nyumba tumwombee nini, na tutakalolisikia tutaliacha palepale kwa Mungu.

Kwa jumuiya yetu sisi, zamu ya kwanza inaanzia kwa mama yule mwenye chumba kimoja. Nilikwenda kwake juzi jioni pamoja na mke wangu, tukamwomba msamaha, na ameniruhusu kulitangaza hili bila kutaja jina lake. Wanajumuiya mnapafahamu kwake. Chumba hakitatutosha, kwa hiyo wengine tutasimama nje dirishani na kwenye kibaraza. Njooni na Biblia na kitabu cha nyimbo. Mikeka miwili ipo kwangu. Vijana wawili wapite kuichukua saa 12 kamili.